Shimo Aliloliziba Casilda

Casilda Ochandiano alivuna chumvi katika bonde letu la Álava kwa miaka hamsini, na adui yake alikuwa mvua. Ikinyesha, chumvi iliyoganda juani kwenye majukwaa ya mbao inayeyuka yote. Basi alipoona shimo mlimani linalomeza mvua, aliapa kwamba ndilo linalozimua chemchemi yetu ya maji ya chumvi. Akatuongoza tukalijaza mawe na udongo. Padri alibariki kazi, nasi tukalewa divai.

Miaka kumi na tano baadaye chemchemi ilikuwa ikichuruzika kama mkojo wa mzee. Zamu ya Casilda ya kuteka maji ya chumvi haikujaza hata pipa. Tukamwita mtaalamu wa miamba.

“Chini huku kuna chumvi ya bahari iliyokauka zamani sana,” alisema. “Mvua inaingia mlimani, inaiyeyusha, inatokea hapa. Nani kaziba lile shimo nililoliona kule juu?”

Kijiji kizima kikamgeukia Casilda.

“Padri, si ulibariki wewe?” Casilda akauliza.

“Mimi nilibariki punda waliobeba udongo tu, Mama.”

“Kumbe ulijibariki mwenyewe.” Akamgeukia mtaalamu. “Tukilizibua leo, maji yatarudi lini?”

“Chini kule yanatembea polepole. Miaka kumi na tano tena.”

Casilda alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alichukua sururu, akapanda mlima peke yake.

“Chimba, Mama Casilda, umetuponza!” tulimpigia kelele kutoka kivulini, sisi tuliobeba yale mawe.