Mkono wa Biubwa

Watoto wa mtaani kwetu Bagamoyo walimpachika mjomba wangu Bwanausi jina la kejeli: Nionyeshe Mkono. Akipita na sanduku lake la bati wanamfuata nyuma wamekunja mikono ya kanzu, wanampigia kelele, "Nionyeshe mkono! Nionyeshe mkono!" kisha wanatoka mbio. Wakubwa wao barazani walicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo anayelitaja jina hilo mbele yangu hunisikia. Walicheka jambo wasilolijua. Mimi nalijua, maana lilitokea nyumbani kwetu.

Mjomba alikuwa mchanja ndui wa serikali. Ugonjwa huo ulimpata akiwa mdogo, ukamwachia uso wenye vishimo, ukawachukua ndugu zake wawili. Walibaki yeye na mama yangu, Zuleha. Kwa hiyo alipofundishwa kuchanja aliishika kazi ile kwa moyo wake wote. Alikwenda kwa miguu hadi Makurunge na vitongoji vyake, dawa imo ndani ya vichupa vyembamba vya kioo, amevizungushia kitambaa kibichi ili joto lisiiharibu. Hutia tone moja mkononi, hukwaruza ngozi kwa sindano juu ya tone hilo, kisha husema: usioshe, usipanguse.

Siku ya nane hurudi, na hapo ndipo watu walipomchoka. Mjomba hakukubali kuambiwa. Ukimwambia chanjo imeshika, atakujibu, "Nionyeshe mkono." Mke wa mtu akiona haya, atageuza uso na kungoja kanga isogezwe, lakini kuondoka haondoki. Akiliona lengelenge limejaa, limebonyea katikati, anaandika daftarini: imeshika. Asipoliona anachanja upya, hata kama mwenye mkono anamtukana.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Biubwa. Mama yake Biubwa alifariki siku aliyomzaa, na bibi yake mzaa mama akamchukua kumlea kwao Ubena. Miaka ikapita hivyo, baba mjini, binti bara, wakionana mara moja kwa mwaka. Vita vya pili vilipokuwa vinakaribia kwisha, bibi akafariki, na Biubwa akaletwa kwa baba yake akiwa na miaka kumi na minne. Mjomba alifurahi mpaka akawa anacheka peke yake njiani. Jambo la kwanza alilouliza ni kama bibi, aliyekuwa akiikataa sindano, aliwahi kumruhusu kuchanjwa. Hakuwahi. Na kichupa cha mwisho cha dawa alikuwa amekimaliza, kingine kilingojewa kutoka Dar es Salaam.

Kabla dawa haijafika, Biubwa akavunja ungo.

Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Huwa mwari. Mwanamume hamwoni, hata baba yake, mpaka siku atakapotolewa nje kwa ngoma. Mama yangu ndiye shangazi, kwa hiyo mwari aliwekwa kwetu, kwenye chumba cha uani. Nilikuwa na miaka tisa na nililala naye kitanda kimoja. Kila alasiri mjomba alikuja kukaa nje ya ukuta wa chumba kile, wakazungumza bila kuonana. Alimletea kashata, mimi nikaziingiza. Alimuuliza Ubena walikuwa wanalima nini, anapenda kula nini, anaogopa nini. Alikuwa hamjui mwanawe, akawa anamsoma kwa sauti. Biubwa aliniambia, "Baba ana sauti ya mtu mrefu. Kumbe ni mrefu?" Siku walizoonana zilikuwa chache mno, umbo lake alikuwa ameanza kulisahau.

Dawa ilipofika, mjomba alikuja nayo mbio.

"Zuleha, mwambie autoe mkono hapo mlangoni. Mkono tu, nimchanje."

"Kaka," mama akasema, "mkono wa mwari utolewe mlangoni kama wa mwizi? Umeshafunua mikono ya wake za watu mji mzima, nao hawaishi kukusema. Na wa mwanao mwari pia? Sisi tutaweka wapi nyuso zetu?"

Maneno yale yalimchoma. Mtu aliyezoea kutukanwa kwenye nyumba za watu hakutaka kutukanwa pia kwa dada yake. Akaomba papai bichi, akamfundisha mama kuchanja juu ya ganda lake mpaka akaona ameweza. Akamwambia: usioshe, usipanguse, paache pakauke.

Mama aliingia, akachanja. Mimi nilishika taa. Biubwa aliuma kanga, hakulia. Mama akangoja dawa ikauke kama alivyoagizwa, na siku nzima hakumtia maji pale. Jioni akamsinga. Ndiyo kazi ya shangazi, mwari husingwa, husuguliwa kwa unga wa liwa, kila siku mwili mzima ili ngozi itakate, na liwa ile ina chengachenga. Mama hakuosha. Hakupangusa kwa kitambaa. Kwake yeye, na kwa mwanamke yeyote wa kwetu wakati ule, kusinga hakukuwa kuosha wala kupangusa. Kulikuwa kusinga. Alimsinga jioni ile na jioni saba zilizofuata, mkono na yote, kwa mapenzi.

Siku ya nane mjomba alisimama uani. Namwona mpaka sasa, daftari mkononi, kalamu sikioni.

"Imeshika?"

"Imeshika, kaka. Pana kidonda kabisa."

Palikuwa na kidonda, mimi nami nilikiona. Ni mchubuko uliochokonolewa na liwa, si lengelenge la chanjo, lakini nani kati yetu angejua? Mjomba akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema, mji mzima ulijua. Akautazama mlango, akamtazama mama, akaufunga mdomo. Akaichukua kalamu, akaandika. Katika miaka yake yote ya kazi, huo ndio mkono pekee alioandika bila kuuona.

Mwezi uliofuata ndui ikaingia Makurunge. Siku za kumtoa mwari zilikuwa zimekaribia, na msusi wetu, Ashatu, alikuwa anatoka hukohuko. Mama alisita, akamuuliza mjomba: nimwambie asije?

"Biubwa amechanjwa na imeshika," mjomba akasema. "Hofu ya nini? Aje amsuke."

Ashatu akaja. Nyumbani kwake mtoto alikuwa na homa, akadhani ni homa tu. Alikaa nusu siku na kichwa cha Biubwa mapajani, wakicheka. Simlaumu. Wapo wanaomlaumu, wapo wanaomlaumu mama, na wapo waliosema sindano ya serikali ndiyo iliyouleta ugonjwa. Hao wa mwisho ndio ninaogombana nao mpaka kesho.

Baada ya siku kumi na mbili Biubwa akashikwa na homa, kisha upele ukamtoka usoni na mikononi. Mama aliuona, akapiga ukelele. Mjomba aliyekuwa nje ya ukuta aliinuka, akausukuma mlango, akaingia kwa mwari. Hakuna aliyemzuia. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Biubwa, mwanangu. Nionyeshe mkono."

Biubwa akautoa. Mjomba aliugeuza, akautafuta, akaupitishia kidole chake taratibu. Palikuwa na vipele vipya kila mahali, na pale pa chanjo palikuwa na mkwaruzo mwembamba uliopona. Kovu la chanjo halikuwapo. Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Kaka, nilingoja ikauke. Wallahi sikuosha." Mjomba aliuweka uso wake kwenye mkono ule, akalia kama mtoto.

Sheria ilitaka mgonjwa wa ndui apelekwe kwenye mabanda nje ya mji, na mjomba ndiye aliyekuwa akiwapeleka watu. Hakungoja kuambiwa. Alimfunga mwanawe ndani ya kanga mbili, akambeba mikononi, akatoka naye mchana kweupe, mtaa mzima umesimama kando unatazama. Tulikuwa tumeshawalipa wapiga ngoma. Ndivyo Biubwa alivyotolewa nje.

Mjomba hakuweza kuambukizwa tena, kwa hiyo alikaa naye bandani. Alinisimulia baadaye kuwa siku za mwisho Biubwa hakuona, macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe. Alisema, "Sema, baba, nikusikie tu. Nimekuzoea hivyo." Akasema naye mpaka siku ya tisa. Wakamzika hukohuko. Kanga zake mpya, zile za siku ya ngoma, zilichomwa moto pamoja na kitanda.

Mjomba hakumlaumu mama hata kwa neno moja. Mama alijilaumu mwenyewe mpaka akafa, na liwa haikuingia tena nyumbani kwetu. Mjomba alirudi kazini baada ya arobaini. Sasa kila nyumba aliuliza, "Ndani hamna mwari?" Wakimficha, anaketi barazani kwao kutwa. Hapo ndipo jina la kejeli liliposhika kweli.

Miaka mitano baadaye nikavunja ungo mimi. Nilichanjwa utotoni, lakini mjomba alisema haiamini tena chanjo ile. Mama hakubisha. Alitundika pazia mlangoni, nami nikautoa mkono wangu mara mbili: siku ya kuchanjwa, na siku ya nane.

"Shikamoo, mjomba," nilisema nyuma ya pazia.

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe mkono."

Aliushika. Nilihisi vidole vyake vikilizunguka lengelenge, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilisikia kalamu ikiandika. Kisha kalamu ikaanguka, na mkono wangu hakuuachia. Machozi yake yalinidondokea kiganjani.

"Imeshika, Biubwa," alisema. "Imeshika, mama."

Sikumsahihisha. Niliuacha mkono wangu nje mpaka alipochoka kuushika.