Nyama ya Baba Ndani ya Begi Langu la Shule

Ipo Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na ndiyo nataka nikuhadithie. Usishangae kuitwa mwanangu. Mimi nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na wewe hujazaliwa wala sijui utachukua sura ya nani. Lakini presha ilimchukua babu, kisha ikamshika baba, na daktari alipomaliza kusoma kadi ya baba alinitazama na mimi, akasema haya mambo hupenda kutembea kwenye ukoo. Huenda siku moja yakafika kwako. Mimi kusema mbele ya watu siwezi. Hata darasani nikiulizwa jibu ninalolijua naangalia viatu. Kwenye daftari hili ndipo ninapoweza, basi nisikilize humu.

Tunakaa Kihonda, mjini Morogoro. Baba ni fundi magari, ana gereji yake jirani na stendi ya Msamvu. Kwao ni Mgeta, juu kabisa kwenye milima ya Uluguru, kule wanakolima kabichi, karoti, njegere na koliflawa zinazoliwa mpaka Dar es Salaam. Alishuka mlimani akiwa kijana, na mwenyewe husema aliapa kwamba majani basi. Kwake yeye mtu aliyetoka kimaisha anakula nyama. Asubuhi alikunywa supu ya ng'ombe stendi, mchana wali na nyama, na Jumapili alirudi na mbuzi kwenye mfuko, ameushika juu juu ili majirani wauone. Nasi tulifurahi. Mchicha kwetu ulikuwa pambo la pembeni ya sahani, ukibaki haukuulizwa na mtu.

Mwaka jana alianguka gerejini. Alikuwa ameinamia injini, akainuka, akakaa chini taratibu kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Hospitali wakamkuta na presha ya juu sana na mafuta mengi kwenye damu. Daktari akamwandikia dawa za kila siku, akamwambia apunguze chumvi na aachane na nyama nyekundu na vya kukaanga. Mama akasema huyu kupunguza hajui, tumemzoea, afadhali nyumba nzima tuache. Basi nyama ikatoka jikoni kwetu. Tukabaki na mboga, maharage, dona, matunda, na mayai na maziwa mara mojamoja.

Mama alikuwa na hofu, na hofu ile ikaingia mpaka kwenye sufuria. Mchicha aliuchemsha kwa maji matupu. Maharage hayakuona kitunguu wala nyanya, kana kwamba kila kitamu kina presha ndani yake. Baba alikula kama anavyomeza vidonge, uso ameugeuzia ukutani. Alikonda, akawa mkimya. Kumwona baba yako, mtu wa vicheko, anazungusha kijiko kwenye bakuli kama anatafuta kitu kilichopotea, si jambo dogo. Nilimwonea huruma mpaka usiku nikaandika kurasa mbili.

Jumamosi moja nilimpelekea chakula gerejini. Akafunua, akafunika.

"Mama," akaniita. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Pale kwa jamaa wa mishkaki, kona ile, nichukulie mitatu. Mitatu haiui mtu."

"Mama atajua, baba."

"Nani atamwambia? Wewe mwenyewe huongei na mtu."

Akacheka, na mimi nikacheka. Nikwambie ukweli, mwanangu, nilijisikia vizuri. Maisha yangu yote watu wamenilaumu kwa ukimya wangu, walimu, mashangazi, hata padri. Siku ile kwa mara ya kwanza ukimya wangu ulikuwa na kazi.

Tukaendelea. Ikawa kila Jumamosi, kisha mara tatu kwa wiki nikitoka tuisheni. Nilifunga mishkaki kwenye gazeti, nikaitia kwenye mfuko, nikaibana katikati ya daftari la Baiolojia na la Kemia. Tulikula wawili nyuma ya gereji, tumekaa juu ya matairi mabovu, yeye ananisimulia habari za ujana wake ambazo sikuwahi kuzisikia. Mpaka leo kurasa za Baiolojia zina madoa ya mafuta, na mada yenyewe ilikuwa mzunguko wa damu. Niliona lile doa karibu na mchoro wa moyo. Niliona, nikafunua ukurasa mwingine.

Baada ya miezi mitatu tukaenda kliniki, baba, mama na mimi. Mimi ndiye niliyeshika kadi. Nesi akampima mara ya kwanza, akampima tena, kisha akamgeukia mama mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi.

"Mama, hii presha haishuki. Unampikia nini mzee wa watu? Chumvi unatia kwa koleo?"

Watu wakacheka.

"Mimi napika bila chumvi, nesi," mama akasema kwa sauti ndogo.

"Ndivyo mnavyosema wote."

Mama akaangalia chini. Baba akaangalia feni ya juu. Mimi nikaangalia kadi, nikalisoma jina la baba herufi moja moja kana kwamba silijui. Sentensi moja tu ilitosha kumwokoa mama pale, na sikuitoa.

Tangu siku ile mama akaacha hata kutia mafuta ya kupikia. Alikuwa anaosha mboga mara nne, tano. Nilimsikia akiongea na bibi, mama yake baba, kwenye simu, anasema, "Mama, sijui nakosea wapi. Nitamuua mtoto wako kwa kutojua."

Ndipo ikaja hiyo Jumapili. Bibi alishuka kutoka Mgeta na kiroba cha njegere, akakaa uani kwenye kigoda na kuanza kuzimenya. Mimi na bibi tuna utani wetu. Huniita mke mwenzangu, ananidai nimwachie babu yangu, na hata baada ya babu kufariki hakuacha. Nilimwamkia, shikamoo bibi, akaniitikia, "Marahaba mke mwenza, bado unakula ukoko?" Nikashindwa kucheka. Nilikuwa nimekesha naandika karatasi moja, nimeeleza kila kitu, mishkaki, begi, kliniki. Nikampa, nikataka kukimbilia ndani.

"Hii ni barua ya mchumba?" akauliza. "Mimi na karatasi hatujuani, mke mwenzangu. Kaa hapa unisomee."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilijificha kwenye maandishi, na maandishi yakanirudisha mdomoni. Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, naye akawa anasema, "Rudia hapo," bila kuacha kumenya. Nilipomaliza, bibi aliendelea kumenya. Njegere zilidondoka kwenye ungo, moja moja.

Kisha akaniita, "Skolastika."

Hajawahi kuniita hivyo. Jina ni lake na ni langu, na siku ile nililisikia kama la mtu mzima.

"Baba yako akitamani nyama, unaumia?"

"Naumia, bibi."

"Na mama yako walipomcheka pale hospitali?"

Nikaokota njegere iliyodondoka chini.

"Mimi nimeshamzika mume kwa ugonjwa huu," akasema. "Mtoto sitaweza. Sikiliza. Ukimpenda mtu, kubali akununie. Atanuna wiki, atanuna mwezi, lakini utamwona pale amekaa ananuna. Wewe umetaka upendwe leo. Nenda kamwambie mama yako, sasa hivi, kabla hujapata maneno mazuri."

Nikaenda jikoni. Nilimwambia mama nikiwa nimeshika fremu ya mlango. Nilitegemea kofi. Mama akaweka mwiko chini, akakaa juu ya ndoo, akafunika uso kwa khanga. Mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikadhani analia. Alikuwa anacheka na kulia vyote kwa pamoja.

"Kumbe si mimi," akawa anasema. "Kumbe si mboga zangu."

Mwanangu, nimeshaadhibiwa shuleni, nimeshapigwa fimbo na mwalimu wa zamu. Hakuna kilichoniuma kama furaha ile ya mama.

Mchana bibi alipika mwenyewe, mimi nikamsaidia. Kitunguu, nyanya, karoti, kitunguu swaumu kingi, tangawizi, viazi viwili, kisha zile njegere mbichi, mafuta kijiko kimoja, chumvi ya kuonja tu, na mwishoni limao. Harufu yake ilimtoa baba sebuleni. Lakini alipoona sahani haina nyama, akashusha pumzi.

"Mama, mimi majani nimekula utoto mzima. Nimechoka."

"Ulikula lini?" bibi akamuuliza.

"Kule nyumbani. Kila siku."

"Wewe ulibeba, hukula. Njegere zilishuka kwenye tenga kwenda kwenye lori, karoti zikashuka, koliflawa zikashuka, wewe na mimi tumebeba mpaka shingo zikauma. Tukirudi ni ugali na maji ya maharage, na hayo maharage yenyewe yaliyooza kidogo, yaliyokataliwa na mnunuzi. Hukukimbia mboga, baba. Ulikimbia njaa, ukadhani ni mboga. Onja."

Baba ana zaidi ya miaka hamsini. Alikaa pale na kijiko mkononi kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaonja. Akatafuna polepole sana, akaangalia sahani, akaonja tena.

"Hizi ndizo zile?" akauliza.

"Ndizo zile."

Alikula akamaliza, akaomba nyingine. Alipomaliza alimgeukia mama, maana alishaona kwenye nyuso zetu kwamba siri imetoka, akamwambia, "Mama Skola, nimefanya watu wakucheke na wewe huna kosa. Nisamehe." Kisha akanitazama. "Na wewe nilikutuma vibaya. Baba hamtumi mtoto wake kazi ile." Mimi, kama kawaida, nikaangalia viatu. Lakini nilisogeza kiti changu kikawa jirani na chake, na yeye akaelewa.

Sitaki nikudanganye kwamba kuanzia pale mambo yalinyooka. Mara mbili baba aliteleza, mwenyewe akaja kusema. Mama alijifunza upya kupika: mbaazi, choroko, uyoga wa mlimani bibi akiutuma, kisamvu cha karanga kidogo, bamia na nyanya chungu. Dukani kwa Wahindi pale mjini, ambao nyama hawajaila tangu mababu zao, mama mwenye duka alimfundisha kukaanga jira kidogo, ile binzari nyembamba, kwenye dengu. Mimi shuleni niliitwa Sungura muhula mzima. Na hata leo tukipita kwenye moshi wa nyama choma baba hupunguza mwendo, halafu ananishika mkono tunapita. Dawa zake hajaacha, wala daktari hajamruhusu aache. Ila safari iliyopita nesi alipima, akaandika, akamwambia mama, "Endelea hivyo hivyo." Mama aliirudia sentensi hiyo njia nzima mpaka Kihonda.

Sasa nisikie, mwanangu, maana bibi amesema nisiache maneno yakining'inia. Chakula cha mwili wako kizoee mapema, ukiwa bado mzima, usisubiri uokotwe gerejini. Kula mboga, nafaka, kunde na matunda kwa wingi, na uvipike vikawa vitamu, kwa sababu chakula cha adhabu hakimshiki mtu kwa muda mrefu, atakitoroka tu. Usipime heshima yako kwa mfuko wa nyama ulioshikwa juu. Daktari akikupa dawa, meza, usiseme mchicha unatosha. Na ukiwa na mgonjwa unayempenda, usimpe kwa siri kile kinachommaliza, hata akikubembeleza kwa jina tamu, hata kama ndiyo saa pekee anayokaa na wewe. Mwombe saa nyingine. Utapewa. Mimi na baba siku hizi tunakaa nyuma ya gereji tunakula mahindi ya kuchemsha, na habari zake bado hazijaisha.

Ukikosea, sema upesi. Ukishindwa kusema, andika, lakini mpe mtu atakayekulazimisha usome kwa sauti.

Mungu akupe moyo unaopiga bila kukutisha. Akupe miguu ya kupanda mpaka Mgeta bila kupumzika njiani mara nyingi. Akupe mama asiyeaibishwa kwa ajili yako, na meza yenye watu wote waliopo leo, baba yangu akiwa hapo, mzee, ananuna kidogo, anakumegea sehemu yake. Amina, mwanangu.