Theluji Niliyoiona Peke Yangu

Mimi nimesafiri sana, lakini sikuwahi kusafiri kwa ajili yangu. Nimekwenda Lamu kwa arusi, Vanga kwa maziko, Malindi kwa hitima ya shangazi, na Nairobi mara moja kumuuguza binamu. Kila nilipofunga mzigo palikuwa na mtu aliyeoa, aliyekufa au aliyelazwa. Mimi ni mshonaji wa magauni ya mabibi arusi hapa Utange, Mombasa. Mume aliniacha zamani, mtoto sikujaliwa, na hamu yangu ilikuwa moja tu: kwenda Nanyuki nikauone Mlima Kenya una theluji kichwani. Picha yake niliikuta kwenye kalenda ya duka la vitambaa, nikaiomba mwaka ulipokwisha, nikaibandika juu ya cherehani. Watu wa bara wanalipa fedha nyingi kuja kutazama bahari ambayo mimi naivuka kwa feri bila hata kuinua macho. Nikasema, basi na mimi nina haki ya kwenda kukitazama chao.

Gharama niliipiga kwa magauni, maana ndiyo hesabu niijuayo. Treni kwenda na kurudi, gauni moja. Magari ya huko bara, kitanda na chakula, gauni jingine na shela yake. Hayo niliyaweza. Nisichokiweza kilikuwa zawadi. Kwetu ukitamka tu kwamba unasafiri, umejitwisha. Mama Riziki, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, atataka viazi vya bara. Binti zake watataka viatu. Mdogo wangu Mwanasha aliye Mtongwe, ng'ambo ya Likoni, atataka asali, na mawifi zake hawawezi kuona asali ikiingia nyumba ile na wao wakakosa. Ile mara niliyokwenda kumuuguza binamu nilirudi na mifuko hata kondakta akaniuliza kama nafungua duka, kisha nikakaa kwenye cherehani mwezi mzima kuziba pengo. Hamu yangu ya Nanyuki ilikuwa ikifa hivyo kila mwaka, ikiliwa na watu ambao bado sijawaletea kitu.

Mwaka huu nikapata akili, au niliyoidhani akili. Mama Riziki nilimwambia nakwenda Likoni kwa mdogo wangu. Mdogo wangu nilimwambia nina magauni ya haraka, nimejifungia Utange, asihangaike kunipigia. Kati yao kuna daraja, kisiwa kizima na feri. Kila mmoja angejua niko kwa mwenzake.

Asubuhi ya kuondoka, Mama Riziki alikuwa akifagia uwanja.

"Wenda ng'ambo saa hizi? Wasalimie," alisema bila kuacha kufagia.

"Zimefika."

Hiyo ndiyo iliyokuwa buriani yangu. Mtu wa kwetu akisafiri husomewa fatiha mlangoni, akashikwa mkono, akaambiwa maneno ya kheri hadi gari likamchoka. Mimi fatiha nilijisomea mwenyewe kwa kunong'ona, nikiwa nimekaa garini tukivuka daraja la Nyali.

Stesheni ya Miritini, baada ya kupita Changamwe na malori yake, askari walitupanga mstari na kutuambia tuweke mizigo chini ili mbwa ainuse. Ndani ya begi langu mlikuwa na msala wa kuswalia. Nilimtazama mbwa yule akija, pua imelowa, nikamwomba Mungu amzuie. Alilipita begi langu kama halipo. Nilitaka kucheka na mtu, lakini watu wa mbele na wa nyuma yangu walikuwa na watu wao wa kucheka nao.

Ndani ya treni nilikaa dirishani. Baada ya Voi tuliingia nyika ya Tsavo, ardhi nyekundu, na mara nikawaona ndovu wamesimama kwenye vumbi, wekundu kama waliopakwa hina. "Ndovu," nilisema kwa sauti. Kijana aliyekaa nami alikuwa na visikizi masikioni na macho yamefumbwa. Nikawatazama mpaka walipopotea. Simu yangu ilikuwa kimya tangu Miritini, na nikajipongeza kwamba mpango unafanya kazi.

Jioni niliingia Nanyuki baada ya kubadili gari Nairobi. Baridi yake si ile tunayoiita baridi sisi mvua ya masika inaponyesha. Iliingia chini ya buibui, ikapanda mgongoni. Mahali ambapo mlima ulipaswa kuwa, palikuwa na wingu zito la kijivu. Mwenye nyumba nilimokodi chumba, mama mmoja mnene aitwaye Mama Muthoni, alikuja kunifungulia lango akiwa amevaa sweta mbili. Alinitazama juu mpaka chini, buibui jeusi na begi moja, akanishika mkono kwa huruma.

"Pole sana, mama. Mazishi ni kesho?"

"Hapana, sikuja kwa maziko."

"Basi una mgonjwa hapa hospitali?"

"Sina mgonjwa. Nimekuja kuuona mlima."

Aliangalia nyuma yangu barabarani. "Na wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu."

"Haya, ingia ndani, kuna baridi," alisema, na swali lile hakulirudia tena. Lakini chai aliyonimiminia ilikuwa kubwa kuliko niliyolipia.

Siku ya pili mlima haukutoka. Nilizunguka mji, nikanunua soksi za sufu, nikarudi, nikakaa kwenye benchi la uani nikitazama lile wingu tangu adhuhuri hadi alasiri. Mama Muthoni alikuwa akimenya minji, ndizo njegere kwa lugha yao, na mwisho hakuweza kujizuia.

"Sasa wewe umetoka Mombasa, na sisi tunaweka pesa twende Mombasa. Mimi nimeweka tangu mtoto wangu aingie sekondari. Nataka zile hoteli ziko kwa mchanga, unalala, unaskia maji. Ni pesa ngapi kulala?"

Bei sikuijua. Hoteli zile ziko karibu na kwangu, na mabibi arusi wangu hupigwa picha kwenye bustani zake, lakini mimi nimeishia langoni na gauni mkononi. Nikamwambia ukweli huo. Kisha, kwa desturi yetu, nikamwambia asihangaike na hoteli, aje kwangu, chumba kipo.

Alicheka akatikisa kichwa. "Kwako nitakuja, nikuone unapika, na mimi nitainuka nikusaidie. Hiyo si likizo. Mimi nataka mahali hawanijui."

"Mahali wasipokujua ndipo nilipo mimi," nilimwambia.

"Na kuko aje?"

Nikamwambia kuko vizuri. Sikuwa tayari kumwambia kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimeitazama simu yangu mara zisizo na idadi, na ujumbe pekee ulioingia ulitoka kampuni ya simu ikiniuzia vifurushi. Mwanasha anadhani nashona. Mama Riziki anadhani nakula samaki Mtongwe. Ningeweza kuanguka pale uani nikafa, na isingejulikana hata aanze nani kunitafuta. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Alfajiri ya siku ya tatu, nilipomaliza kuswali, niliona mwanga wa ajabu kwenye pazia. Nikatoka na soksi zangu. Mlima ulikuwa umesimama wazi, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuwaza, na kule juu kabisa, kwenye mawe yaliyochongoka, palikuwa na theluji. Si nyingi kama ya kalenda. Vipande vipande tu kama shela iliyochanika. Jua lilipoigusa ikawa ya waridi, halafu nyeupe ikachoma macho. Nikalia. Muda wote ule wa kutazama picha, sikujua kwamba kitu chenyewe hakina sauti kabisa.

Nikageuka kumtafuta mtu. Uani hapakuwa na mtu. Nikaenda kugonga dirisha la jikoni, "Mama Muthoni, njoo uone," naye akatoka akijifuta mikono, lakini alipofika benchi wingu lilikuwa limekwisha kupanda. Nilikuwa nimeuwahi kwa picha moja ya simu. Alinyanyua kidevu kuelekea lile wingu, akasema, "Aa, huo. Huo huwa hapo tu," akarudi kwenye maziwa yake yasije yakafurika.

Njia ya kurudi niliifanya siku hiyo na iliyofuata, nikalala Nairobi karibu na stesheni. Kwenye treni watu walikuwa na magunia ya viazi, kabichi na kuku wa kienyeji kwenye vikapu. Mimi nilikuwa na begi langu lile lile. Miritini, mlangoni, ndugu zao walikuwa wamejazana. Mwanamke mmoja alinyang'anywa mizigo na watu kadhaa kwa pamoja, kila mmoja akimwambia pole na safari. Mimi nilipita kando yao. Tikiti niliichana nikaitia kwenye pipa, isije ikaanguka mbele ya Mama Riziki.

Hapo garini, nikirudi upande wetu wa Kisauni, ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinaniuma. Nilidhani zawadi ni gharama ya safari, kumbe zawadi ndiyo inayokununulia mtu wa kukusindikiza na mtu wa kukupokea. Nilikuwa nimeipunguza gharama hiyo, na safari yenyewe ikapungua nayo. Nilikuwa na theluji kifuani na sikuwa na wa kumwambia. Nikaamua kumwambia Mama Riziki, liwalo na liwe. Lakini sikuweza kwenda mikono mitupu. Nikashuka Kongowea, nikaingia sokoni, nikanunua viazi, karoti na yale matunda damu ya bara. Nilijisemea kwamba hata hivyo vimetoka huko huko mlimani.

Jioni, Utange, Mama Riziki alikuwa mkekani akichagua mchele, binti zake wawili kando yake. Niliketi, nikaiweka mifuko katikati.

"Wa ng'ambo hawajambo?" aliuliza.

"Sikwenda ng'ambo. Nilikwenda Nanyuki kuuona mlima. Zawadi zenu hizi."

Aliacha mchele. Akatoa kiazi kimoja, akakigeuza, akautazama mfuko, akaunusa. Yeye ni mtu wa Kongowea kila Jumamosi.

"Mwenzangu, mfuko huu wa Kongowea. Na fundo hili nalijua, la yule mzee wa pale kwenye kona."

"Vitu ni vya Kongowea. Lakini mimi nimetoka Nanyuki."

Binti mkubwa akaniomba picha. Nikampa simu. Waliiinamia wote watatu, wakaikuza, wakaipunguza.

"Hili si wingu hili, shangazi?"

"Ni mlima. Ile nyeupe ni theluji. Wallahi nimeiona."

"Tikiti basi?" mama yao aliuliza.

"Nimeichana."

"Ulikwenda na nani?"

Nilifanya jambo ambalo bado linanitia haya. Niligeuka upande wangu wa kulia, kama mtu anavyomgeukia aliyesafiri naye amwambie, hebu waeleze. Palikuwa na ukuta. Mama Riziki aliniona nikigeuka. Akawaamuru binti zake waende wakaweke maji ya chai, akanisogelea, akateremsha sauti.

"Dadaangu, kama ulikuwa umelazwa, sema. Mimi si mtu wa kutangaza. Mwanasha alinipigia juzi akikuulizia, nikajua kuna jambo, nikamjibu bado unashona. Umekonda."

Kwa hiyo alikuwapo aliyeniulizia. Hilo lilinichoma kuliko yote.

"Sikulazwa. Nilikwenda kuona theluji."

"Nakuamini," alisema, akanipigapiga goti polepole.

Asubuhi yake mapema alibisha mlango. Alikuwa ameshika bakuli la uji wa mchele, ule tunaowapikia watu waliotoka hospitali. Nikaupokea, nikaunywa wote, naye amekaa kando yangu akinitazama mpaka nikamaliza.