Hodi Tatu kwa Difu ya Ramisi

Siku ya kwanza niliingia gereji ya Msambweni nikiwa na cheti cha kidato cha nne na ovaroli ya kaka yangu chini ya buibui. Nikamwamkia Fundi Mkuu. "Marahaba," akasema. "Ushashika moo, sasa shika ndoo." Ilikuwa ndoo ya mafuta machafu.

Leo nina miaka thelathini na miwili na nimestaafu. Cheka ukitaka. Naandika kwa wasichana wanaoniuliza kama kazi hii inamfaa mwanamke. Inamfaa. Wanaume wake ndio hawafai, isipokuwa huyo mmoja.

Fundi Mkuu ndiye aliyenifunza difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili. Ya kawaida ina ujinga wake: gurudumu moja likiingia topeni, linazunguka bure na lenzake linasimama kutazama. Difu ya kushika ina sahani ndani zinazobanana, kwa hiyo la pili nalo linavuta. Kuitambua si kazi. Inua nyuma yote kwa jeki, weka gia huru, zungusha gurudumu moja kwa mkono. Lenzake likienda kinyume, ni ya kawaida. Likifuata upande uleule, umeipata.

Na ukinunua iliyotumika, uipigie hodi. Unashika shingo yake, pale inapofungwa propela, ile shafti ndefu itokayo kwenye gia, unaitikisa mara tatu huku umetega sikio. Meno yakiwa yamelika, itagonga. "Nyumba ya mtu, ukipiga hodi tatu usijibiwe, unarudi zako," Fundi Mkuu alisema. "Difu ni kinyume, mwanangu. Ikikujibu, iache hapohapo." Na hiyo hodi alikuwa akiitamka kwa sauti, kila moja. Nilimcheka, kisha nikazoea, kisha nikawa siwezi kufanya bila hiyo.

Macho yake yalipofifia alifunga gereji, nami nikahamia Ukunda chini ya Meneja, mtu wa bara, mwenye mdomo mrefu kuliko spana zake. Huko ndiko alikokuja Mwalimu, mstaafu wa Kikoneni, na gari lake dogo la saluni la miaka ya sabini. Kila wiki alimpeleka mkewe hospitali kwa gari hilo, na kila mvua ikinyesha lilikwama kwenye mlima wa udongo mwekundu, mgonjwa yumo ndani.

"Binti yangu, nataka lipande," aliniambia. "Lakini kwa uwezo wa pensheni."

"Tutachomelea difu tu, Mwalimu," Meneja akadakia. "Itashika kinoma."

Nikakataa. Difu iliyochomelewa haijui kona: magurudumu yote yanalazimishwa mwendo mmoja, na kwenye lami yenye mvua gari linageuka lilikotoka. Mpya ya kuagiza ng'ambo ilikuwa ghali kuliko gari lenyewe. Ikabaki njia ya tatu, kutafuta iliyotumika kutoka pikapu ya ukoo mmoja na saluni ile, mradi hesabu ya meno ilingane na ncha za shafti ziingie.

Tuliipata Ramisi, kwenye yadi ya vyuma vikuukuu kando ya miwa. Pikapu ilikuwa imebonyea kama kopo. Meno yalilingana. Shafti iliingia. Nikaipigia hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kabla sijaigusa kwa ya tatu, ikagonga. Ko, ko, ko. Polepole.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?" Meneja akaitikisa mwenyewe. Kimya. "Mama, hiyo ni mimba inakupiga mateke." Nilikuwa na miezi sita. Yeye na msimamizi wa yadi wakacheka mpaka wakashikana mabega, kisha Meneja akailipia.

Tulipoifunga garini nilimwambia tena. Hakuinua hata kichwa. Kisha nikalitoa gari kulijaribu. Kwenye mchanga wa Diani lilipanda vizuri mno, magurudumu yote mawili yakivuta. Na nyuma yangu, ko, ko, ko. Difu mbovu hugonga kwa mwendo wa gurudumu. Nikasimamisha gari. Nikazima injini. Ikatulia kama mtu anayesubiri kuitikiwa, halafu ikagonga tena. Mtoto tumboni aliacha kucheza.

Nikarudi kumwambia mara ya tatu. Akasema Mwalimu anakuja saa nane kuchukua gari lake, nisimharibie jina. Akaenda kula.

Nililala chini ya gari na tumbo langu, nikaishusha difu, nikaifungua. Sahani safi. Meno safi. Lakini pini ya katikati, inayobeba gia ndogo, ilikuwa na ufa umeizunguka karibu yote. Ingekatika mlimani, magurudumu yangejifunga ghafla, na mama yule yumo ndani.

"Si ungeniambia!" Meneja alifoka aliporudi.

"Nimekuambia mara tatu."

Akaigeuza pini mkononi. "Lakini ufa haugongi," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Irudishe. Jaza mafuta. Huyo mzee hawezi kujua."

Niliitia pini mfukoni, nikamngoja Mwalimu langoni, nikamwekea kiganjani. Huo ndio ulikuwa mwisho wa ajira yangu. Difu nyingine nilimfungia uani kwake Kikoneni, nikaipigia hodi tatu, ikanyamaza. Mpaka leo gari linapanda.

Ile ya kwanza mimi na Mwalimu tuliirudisha Ramisi. Msimamizi alipoiona pini hakucheka. Alisema dereva wa pikapu ile alipinduka ndani ya miwa, akabanwa, akagonga bodi asubuhi nzima mpaka alipokata roho. Anagonga mara tatu, ananyamaza, anagonga tena. Wakata miwa walimsikia. Wakasema ni trekta.

Meneja alisema kweli, ufa haugongi. Nimeifikiria difu ile miaka minne, na hakuna chuma ndani yake kilichoweza kutoa sauti ile. Kinachonichoma ni wale wa kwenye miwa. Hawakuwa viziwi. Walisikia, wakaipa sauti jina jingine, wakaendelea na kazi, kama vile yangu ilivyopewa jina la mimba.

Majirani wananilaumu kwamba sina ustaarabu, siwaachi wamalize hodi zao. Ni kweli. Mtu akigonga mara moja tu, nimeshafungua.