Barafu Kwenye Bomba la Msanzi

Mimi nina hasira za karibu, na wanaonijua hawanibishii. Lakini mwaka niliotaka kuoa kijijini Msanzi nilikuwa mpole kama kondoo, maana baba wa binti alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa, na hakuwa na haraka ya kumkabidhi mwanawe kwa fundi bomba aliyetoka Mbeya. Watu wa Mbeya, alisema, leo wako hapa, kesho wamepata uhamisho.

Kijiji kilikuwa na tangi jipya lililojengwa kwa msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji kizima. Kina mama ndio waliobeba mawe na mchanga. Pampu ya dizeli ililijaza mara moja, kisha dizeli ikaadimika nchi nzima. Hapo ndipo koki kubwa chini ya tangi ilipoanza kuvuja. Maji yakiisha, kina mama wangerudi kuteka bondeni, mwendo wa saa nzima kupanda mlima na ndoo kichwani. Mwenyekiti akaniita.

"Ndugu fundi," akasema, "koki ibadilishwe na maji yasimwagwe. Ukiweza, Jumapili tunapanga siku ya harusi. Ukishindwa, usituletee tena mshenga wako."

Kubadilisha koki tangi likiwa na maji! Fundi yeyote angecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mzee aliyenifundisha kazi alishanionyesha namna: unaligandisha bomba. Maji yakiwa barafu ndani yake yanajiziba yenyewe, na wewe unafungua koki kwa raha zako.

Majengo, pale mjini Sumbawanga, kulikuwa na mwenye duka aliyekuwa na friji la mafuta ya taa. Nilimbembeleza wiki nzima akanigandishia maji kwenye makopo ya maziwa. Nikayafukia kwenye gunia la pumba yasiyeyuke, nikaomba lifti kwenye lori la mahindi, na njia nzima nililikumbatia gunia lile kama mtoto mgonjwa.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, na upepo wa Ufipa mwezi huo hauna huruma. Niliibana koki kwa mpira wa baiskeli ili maji yatulie, maana maji yanayotembea hayagandi. Nikakata debe, nikalivisha bomba kati ya tangi na koki, nikajaza barafu iliyopondwa pamoja na chumvi ya mawe, ambayo huiongezea barafu ukali. Kisha nikakaa kungoja. Watu wakajaa. Mzee mmoja akauliza kama huu ni uchawi wa Mbeya. Kuulizwa hivyo na mtu wa Sumbawanga, ambako nchi nzima inakuogopa kwa uchawi, hebu fikiria.

Baada ya saa mbili hivi bomba lilivaa ukungu mweupe. Nikalegeza koki pole pole. Likadondoka tone moja, halafu basi. Nikaitoa yote. Bomba liko wazi, tangi zima liko juu ya kichwa changu, na hakitoki kitu. Nilifurahi mpaka nikataka kuimba. Tatizo ni vidole: vilikuwa vimekufa ganzi, na katani ya kuzungushia kwenye koki mpya isivuje iliniponyoka mara mbili, mara tatu.

Mama mkwe akanionea huruma. Kule mgeni anayetetemeka nje ni aibu ya mwenyeji. Anapelekewa moto bila kuulizwa. Akaja na kigae kimejaa makaa, khanga imemfunika nusu ya uso, akakiweka chini ya debe langu, karibu na magoti yangu, kisha akanipa mgongo. Ndiyo adabu yenyewe. Mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Neno hupitia kwa mshenga. Na mshenga wangu, Mungu amsamehe, alikuwa ameingia nyumba ya jirani kunywa togwa.

Debe likaanza kudondosha maji. "Jamani, naomba moto uondolewe," nikasema kwa upole, nimeinamisha macho. Watu wakacheka kwa upendo. Kwao mgeni mwenye adabu hukataa kwanza. "Ota tu, baba, usione haya," akasema bibi mmoja, na mama mkwe akarudi kinyumenyume, akausogeza moto karibu zaidi. Kuupiga teke moto wa mwenyeji nisingethubutu. Mdomo wa bomba ukaanza kulowa, na ndani nikasikia barafu inakatika.

"Mama!" nikafoka, namtazama yeye hasa. "Utatumwagia maji yote! Toa moto wako hapo!"

Akakinyakua kigae kwa khanga na kukitupa mbali. Nikaizungushia koki mpya katani, nikaipachika na kuikaza, mizunguko miwili, mitatu, barafu ikang'oka na kuigonga kwa kishindo. Koki ikashika. Maji yaliyomwagika hayakujaza hata kata.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa nimemfokea mama mkwe mbele ya kijiji kizima. Nikajua nimeokoa maji na kupoteza mke. Nilitamani kulia, nasema kweli.

Mama mkwe akaenda kwenye bomba la kuchotea, akafungua, akajaza kata. Akaja nayo moja kwa moja mpaka niliposimama, khanga iko mabegani, uso wazi.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Siku nyingine ukitaka kunifokea, nifokee mapema, kabla sijauchochea huo moto."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nilikunywa nikimtazama mama yule usoni kwa mara ya kwanza, na nikaona mchumba wangu amechukua macho yake yote mawili.