Damu Juu ya Jua la Haubold

Jobst Haubold, mpima nyota wa mji wa Weidingen, alichora ramani zake kusini ikiwa juu. Unalielekea jua la adhuhuri, ambalo huko daima huwa kusini, unakunjua karatasi magotini, na kilicho mbele yako kinakaa juu. Wenyeji walijua hivyo. Kwa wageni, alichora jua dogo kwenye ukingo wa juu, alama ya kusini.

Kapteni wa askari waliouvamia mji hakujua. Alikuwa mtu wa pwani ya kaskazini, na ramani za kwao zilikuwa na kaskazini juu. Aliingia kwa lango la kaskazini siku ya mvua, vita vikiwa katika mwaka wake wa kumi na sita. Askari wake walimchinja mlinzi wa lango, wakamtundika mwokaji mikate mlangoni pake. Kisha wakamfunga Haubold kwenye kiti chake mwenyewe.

"Wanawake na ng'ombe mmewaficha Hasselbrunn," kapteni alisema. "Ni wapi huko?"

"Sijui, bwana."

"Mchora ramani hajui njia!" Klaus, askari aliyekatwa pua, alicheka. "Basi na kinyozi hajui kichwa. Lete gumba, babu."

Akalibana gumba la kulia kwenye mtambo wa bastola, pale panapobanwa jiwe la cheche, akakaza parafujo. Mfupa ukaalika. Haubold alipiga mayowe, lakini hakusema. Binti yake Walpurga alikuwa Hasselbrunn, kusini, nyuma ya kilima.

Ndipo askari mmoja akaibandua ramani ukutani, akaitupa mezani. Jina la Hasselbrunn lilisomeka wazi, juu ya mji. Haubold akaulaza mkono uliovunjika kwenye ukingo wa karatasi. Damu ikalifunika jua.

"Juu. Kaskazini," kapteni alisema. "Tunarudi kwa lango tuliloingilia."

"Huko tumepita, kapteni," askari mmoja alisema. "Mimi sikuona hata kuku."

"Ulikuwa umelewa. Kijiji kiko nyuma ya msitu."

Nyuma ya msitu wa kaskazini palikuwa na kijiji cha Altmoos. Watu wake walikuwa wamerudi kutoka mafichoni ili kuvuna. Asubuhi ile Haubold alikuwa ameuona moshi wa majiko yao. Mkono hakuuondoa.

Jioni moshi ulikuwa mwingine, mnene na mweusi. Askari walirudi na ng'ombe na mashuka, panga zao zikiwa bado na damu. Jina la kijiji walichochoma hawakumuuliza mtu. Klaus alikata kamba, akampiga mzee kofi la mgongoni.

"Ramani yako haisemi uongo, mwalimu."

Walipoondoka, Walpurga alirudi. Alikuwa akimfunga baba yake kidole alipouliza:

"Baba, ule moshi ni wa wapi?"

"Altmoos."

"Nani aliwapeleka?"

Haubold akaisogeza ramani mbele ya binti yake. Walpurga akalitazama doa la damu juu ya jua, kisha akaendelea kuzungusha kitambaa, akikikaza kupita kiasi. Baba yake akauacha mkono mikononi mwake.

Haubold alijifunza kuchora kwa mkono wa kushoto, akafa kitandani, akiwa mkongwe. Ramani yake ya mwisho bado ina kusini juu. Altmoos imo, ingawa hapakuwa na nyumba tena. Kabla ya kulichonga jua kwenye bamba la shaba la kuchapia, alitandaza kiganja chake palepale ukingoni, akalichora nje ya vidole, mahali ambapo mkono usingelifunika.