Macho ya yaya yalitakata, tukasema ni muzizi

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Mutavumilia Kiswahili cha huku, kimechanganyika na Kifaransa. Ila haya si ya kusikia kwa bantu bengine, mwenyewe iko analala chumba cha pili nikiandika.

Ni yaya Donat, kaka yangu mukubwa, fundi wa nguo hapa Kamalondo. Alikuwa anakunywa lutuku, ile pombe kali ya kupika nyumbani, asubuhi kabla ya kugusa mashine.

Macho yakakuwa manjano. Kwa hôpital docteur akasema foie, ni kusema ini, imeharibika, aache pombe kabisa. Yaya akacheka. "Docteur mwenyewe anakunywa bière," njo jibu lake.

Mama akamupeleka kwa mama mumoja muuza dawa za miti. Akamupa muzizi muchungu wa kuchemsha, pamoja na kizila yake: wakati unakunywa hii, pombe isiguse mudomo, ukivunja dawa inageuka sumu.

Bon. Yaya alimudharau docteur, kizila akaiogopa. Kwetu ni vile, hata wenye diplôme.

Yaya akaacha lutuku. Macho yakatakata, akaanza kula bukari, ugali wetu, tena. Bantu bakaanza kuja nyumbani kuuliza dawa ya foie, yaya anabaonyesha macho. Yeye njo alikuwa preuve, ushahidi wenyewe.

Hakuna mutu aliuliza: ni muzizi, ao ni ile lutuku aliyoacha? Mpaka leo sijui. Pengine muzizi ulisaidia kidogo, pengine hapana.

Alipopata nguvu, mama wa dawa akamufungulia kizila, pombe haikatazwi tena. Sasa sikieni akili za mukubwa wangu.

Akachukua ule muzizi, akauloweka ndani ya chupa ya lutuku. Eti pombe na dawa vikiingia pamoja, foie inalindwa. Mama akalia, tukamugombeza, wapi! Barafiki zake ba kwa bar nabo bakaomba baonje.

Leo tumbo limejaa maji, miguu imevimba, macho ni manjano kupita ile ya kwanza. Docteur ametuambia tumuchunge tu nyumbani. Mama anamulisha uji, anautapika. Nimechoka, wakuu. 

Nilichojifunza ni hiki: mutu akikuambia dawa fulani ilimuponya, muulize aliacha nini wakati ule ule.

Lakini funzo langu linasaidia nani? Jana jirani alikuja, bwana yake amekuwa na macho manjano, anataka jina la ule muzizi. Nikamuingiza chumbani makusudi, amuone yaya aogope.

Yaya akamuangalia. Sauti imekwisha, ila akasema: "Ule muzizi ni muzuri, mama. Mimi uliniponya."

Jirani akamushukuru kwa mikono mibili, akaenda soko kuutafuta.

Ingekuwa ninyi, mungemufuata mumuambie nini? Andikeni, niko nasoma.